Sura ya Tano: Kibati Msumarini

Inspekta alifika ukumbini saa tatu na robo asubuhi, akakuta watu arobaini wamesimama kimya. Kituoni walimwita Mama Mbona, kwa sababu kila swali lake lilianza na neno hilo, na mwenyewe alilipenda kuliko jina la kwenye kitambulisho.

"Saksafoni imeibiwa, Inspekta," Mwalimu alimwambia akiwa bado mlangoni. "Onyesho ni leo saa tisa alasiri. Habari za asubuhi, samahani."

"Nzuri. Mbona salamu inakuja mkiani?"

Mwalimu alijaribu kucheka. Alikuwa mstaafu mwenye chaki masikioni hadi leo, na ndiye aliyebuni onyesho lile: alasiri moja ya enzi za kiwanda cha nguo, Jumamosi ya nusu siku, king'ora kinapolia, wafanyakazi wanapotundika vibati vyao vya namba na kuvuka barabara kwenda kucheza muziki wa bendi yao wenyewe. Kiwanda kilifungwa miaka arobaini iliyopita. Waliokuwa wakiigiza walikuwa watoto na wajukuu wa wafanyakazi.

Mama Mbona alisimama kidogo kutazama jukwaa, na jicho lake la kazi likasahau kazi. Ukuta wa nyuma ulichorwa madirisha ya kiwanda, mia moja na zaidi, na kioo kimoja kilichorwa kimevunjika pale pale kilipovunjika kweli, kama watu wazima walivyokumbuka. Saa ya mviringo ilining'inia juu. Magauni ya wachezaji, yenye mkanda mpana na sketi ya kujaa upepo, yalishonwa kwa kutazama picha moja iliyochanika. Mafuta ya mashine hayakuwepo, lakini mtu angeapa anasikia harufu yake.

"Mmefanya haya yote kwa muda gani?"

"Miezi minane. Kila Jumatano baada ya kazi."

"Loo! Mna mikono nyie."

"Tulikuwa nayo mpaka leo asubuhi," Mwalimu alisema. "Bila saksafoni, sehemu ya pili haipo. Ile ilikuwa ya kiongozi wa bendi mwenyewe. Mjane wake ametuazima kwa masharti."

Mjane alikuwa pale mstari wa mbele, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama rula. Kila mtu alimwita Mama Bendi.

"Shikamoo, mama," Inspekta alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kuuliza? Basi muulize yule." Kidole kilielekea kwa mzee mwembamba aliyekaa peke yake kwenye ngazi za jukwaa. "Ufunguo ni mmoja, na mwenye ufunguo ni mmoja. Mimi sikusoma upelelezi lakini hesabu hiyo naijua."

Aliyenyooshewa kidole alikuwa mtunza ukumbi, Mzee Funguo, miaka kumi na tisa kwenye kazi ile. Shada la funguo alikuwa ameshalivua kiunoni na kuliweka sakafuni mbele yake, kama mtu aliyekwisha kufukuzwa.

"Mama ameshampigia Mkuu wa kituo," Mwalimu alinong'ona. "Wamesema saa sita gari linakuja kumchukua. Mbele ya watu wote hawa."

"Najua. Mkuu ndiye aliyenituma nije kumchukua. Nikamwomba nije kuuliza kwanza."

*

Stoo ilikuwa nyuma ya jukwaa, chumba chenye dirisha dogo la nondo na mlango mmoja. Kufuli halikuguswa. Nondo zilikuwa na vumbi la mwaka. Mama Mbona alisimama katikati bila kugusa kitu, mikono nyuma, akazungusha macho polepole.

Rafu kushoto: kofia, viatu, redio ya mbao. Kila kitu kimefungwa kipande cha uzi. Mbele yake ubao wa misumari kumi na minane, na vibati kumi na vinane vya rangi ya dhahabu, kila kimoja na namba. Kulia, rafu ya saksafoni, tupu, na vumbi lake lilikuwa limeacha umbo la sanduku refu. Juu ya rafu hiyo, msumari mmoja peke yake, na kibati kimetundikwa. Sakafuni, taka zimefagiliwa zikakusanywa rundo dogo, zikaachwa hapo hapo. Ufagio haukuwepo.

Alitoka akaukuta ufagio nyuma ya pazia la jukwaa, umeegemezwa mahali ambapo mtu akisimama anaona jukwaa lote na yeye haonekani.

Mzee Funguo aliitwa.

"Mzee wangu, stoo uliifungua saa ngapi?"

"Saa moja kasoro, nifagie."

"Ukaondoka?"

"Sikuondoka hata hatua, mwanangu. Niliapa mbele ya Mama Bendi kwamba nikifungua nakaa, nikitoka nafunga."

"Mbona taka ziko katikati ya stoo na ufagio uko nyuma ya pazia?"

Mzee alitazama viatu vyake. Mama Mbona alitoa pipi ya mnanaa mkobani, akaimenya.

"Walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo wa kwanza," mzee alisema mwishowe. "Ule wa king'ora. Mimi si mtu wa hapa, Inspekta, kiwanda sikukiona kikifanya kazi. Lakini wakiimba wale... Nilisema nisikie ubeti mmoja. Miguu ikakataa kurudi."

"Beti ngapi?"

"Nyimbo mbili. Na nilicheza kidogo."

"Kidogo?"

"Jasho lilinitoka."

Inspekta aliandika: *mlango wazi, nyimbo mbili, kama dakika kumi.* Kisha akauliza kama kuna aliyepita.

"Alitoka mtu mmoja, nilimwona mgongo tu. Amebeba sanduku begani. Nikajua ni wa kwao. Alikuwa na ovaroli ya kaki."

"Nani?"

"Mama, leo humu kila mtu ana ovaroli ya kaki!"

Alichosema kilikuwa kweli. Wanaume kumi na wanane ukumbini walivaa ovaroli sawa, zote mpya, zilizochemshwa na majani ya chai ili zionekane zimechakaa. Mpiga ngoma, mhasibu wa duka, fundi bomba, huwezi kujua nani ni nani kwa mgongo.

"Hapana kitu kingine? Kiatu? Mwendo?"

Mzee alifumba macho. "Kiraka. Begani kulikuwa na kiraka cha buluu. Na hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu anayetoka kazini."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Ningesema nimeona mgongo, ningeulizwa nilikuwa wapi. Kuiba sikuiba. Lakini kiapo nimekivunja, na mama yule ana haki ya kunichukia."

*

Mpiga ngoma ndiye aliyeleta neno la pili, kwa sauti ya mtu anayeonea haya umbea wake. Alimwona Nesi akitoka mlango wa mbele saa moja na nusu na mfuko mkubwa.

Nesi alikuwa mjukuu wa Mama Bendi na ndiye aliyekuwa apige saksafoni ya babu yake. Alitoka zamu ya usiku hospitali akaja moja kwa moja. Macho yake yalikuwa mekundu. Mfuko aliufungua mwenyewe bila kuombwa: sare ya kazi, kandambili, chupa ya chai.

"Nilikwenda kunawa uso nje, kwenye bomba. Nikarudi saa mbili kufanya mazoezi, rafu ikawa tupu. Mimi ndiye niliyepiga kelele."

"Umelia sana."

"Nani asingelia?"

"Fundi cherehani anasema jana jioni ulipokuwa unajaribu gauni ulilia mpaka pini zikamdondoka. Mbona ulilia kabla saksafoni haijapotea?"

Nesi alitazama upande wa bibi yake, akashusha sauti.

"Sauti ya chini kabisa haitoki. Nikiibonyeza inakoroma kama mtu mwenye mafua. Ilikuwa nzima, Inspekta, tangu juzi ndiyo imeanza. Nimeua saksafoni ya babu. Sikumwambia mtu yeyote."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata Mwalimu."

Mama Mbona alifunga daftari. Mtu anayetaka kuficha ubovu wa kitu anaweza kukificha kitu chenyewe, wazo hilo lilimpitia. Lakini Nesi hakuwa na ovaroli, na mfuko ule ungemeza nusu ya sanduku tu, nusu nyingine ingetembea peke yake barabarani.

Alimrudia fundi cherehani, msichana mwenye futi ya kupimia shingoni, aliyekuwa akishikiza kifungo cha mwisho huku akihesabu kwa midomo.

"Binti, ovaroli ulishona wewe?"

"Zote kumi na nane. Ndoto zangu sasa hivi ni za kaki tupu."

"Ipi uliitia kiraka begani? Cha buluu?"

Sindano ilisimama. "Hakuna niliyoitia kiraka. Nilitaka, Mwalimu akasema wafanyakazi wa siku zile walikuwa nadhifu."

"Na nyuzi za stoo?"

"Hizo zangu. Vitu vilikuwa vinachanganyika. Nikasema uzi mweupe ni sehemu ya kwanza, mwekundu ya pili, buluu ya tatu. Nilifunga jana jioni, mtu asiniulize tena kofia iko wapi."

"Saksafoni uliifunga?"

"Kwenye kishikio cha sanduku. Uzi mwekundu, sehemu ya pili." Akaongeza kwa fahari kidogo, "Mafundo mawili."

Mama Mbona alirudi stoo. Saa tano kasoro. Alikuwa na desturi, akikwama, ya kujitegea kitendawili mwenyewe, kwa sauti ya chini, na kujijibu.

"Watu kumi na wanane wamevaa uongo. Mmoja amevaa kweli. Wapi utamficha?"

"Katikati yao," alijijibu.

Akageuka kwenye ubao wa vibati. Alishika cha kwanza. Chepesi, na rangi ya dhahabu ikamwachia alama kidoleni. Alikigeuza: nyuma yake kulikuwa na maandishi ya kopo la maziwa. Cha pili, kopo la maziwa. Cha tatu, kopo la rangi ya viatu. Alivigeuza vyote kumi na vinane.

Kisha akanyoosha mkono kwenye msumari ulio peke yake, juu ya rafu tupu. Kibati kile kilikuwa kizito. Kilikuwa baridi. Pembezoni kimelainika kama sarafu ya zamani, na tundu lake limetanuka kuwa refu kwa kutundikwa na kutunduliwa maelfu ya mara. Namba 214.

"Mwalimu!" aliita. "Hiki nacho mlikata kopo gani?"

Mwalimu alikuja akakipokea, akakipima kiganjani. Uso ukambadilika.

"Hiki ni shaba. Hiki ni chenyewe." Akakaa juu ya kasha la viatu. "Nimeingia humu mara tatu leo. Nimekiona mara tatu."

"Mlivitengeneza vizuri mno," Mama Mbona alisema, na alimaanisha. "Mmefanya uongo ukafanana na kweli mpaka kweli imepita kati yenu haikusalimiwa."

*

Mama Bendi alikipokea kile kibati kwa vidole viwili. Hakukitazama namba kwanza. Alikipitishia gumba pembezoni.

"Mama, kiwandani uzi mwekundu ulikuwa na maana?"

"Swali gani hilo? Kila mtoto wa mtaa huu anajua."

"Hawajui, mama. Wamezaliwa kiwanda kimefungwa."

Bibi alimtazama, kisha akawatazama watoto wa ovaroli mpya, kama ndiyo kwanza anauona umri wao.

"Kelele za mashine zilikuwa haziruhusu maneno," alisema. "Kwa hiyo mashine ikiwa mbovu, unaifunga uzi mwekundu. Maana yake usiiguse, mwachie fundi. Fundi akipita, akiona uzi, anachukua kilichoharibika anakipeleka karakana. Haulizi, hasemi. Pale alipotoa anaacha kibati chake, ili msimamizi ajue kiko kwa nani. Mpaka..."

Mkoba ukateleza mapajani.

"Mia mbili ni namba za karakana," alimalizia.

"Wa karakana walio hai ni wangapi?"

"Mmoja. Babu Spana."

"Namfahamu!" Mwalimu aliruka. "Jana jioni alikuja kutuonyesha mashine zilivyokuwa zinalia. Nilimwambia leo aje saa nane. Masikio yake hayamo, mitambo iliyala, simu hana. Inspekta, yule mtu hawezi kuiba hata kivuli!"

"Sijasema ameiba. Mama, utanisindikiza?"

"Na yule mzee?" Mama Bendi aliuliza bila kutazama ngazi. Mzee Funguo bado alikaa pale, shada la funguo sakafuni.

"Atakuja nasi. Achukue funguo zake kwanza."

Mzee Funguo aliinama akazichukua.

*

Nyumba ya Babu Spana ilikuwa mtaa wa pili. Walibisha, hakusikia. Waliingia uani.

Alikaa kwenye kigoda kivulini mwa ukuta, miwani miwili juu ya pua, moja juu ya nyingine. Ovaroli yake ilikuwa ya kaki iliyofuliwa mpaka ikakaribia weupe, na kiraka cha buluu begani. Mbele yake, juu ya shuka safi, saksafoni ilikuwa imetandazwa vipande vipande: vifuniko, vijiti, springi, skrubu, kila kimoja mahali pake, vimepangwa kwa mstari kuanzia kikubwa mpaka kidogo. Uzi mwekundu ulikuwa umekunjwa pembeni, mafundo mawili bado yamo.

Mama Bendi alishika mlango. "Ameichinja," alisema.

Mzee aliinua kichwa, akaona watu, akafurahi.

"Karibuni! Shemeji! Mbona mmekuja wote, mimi nilikuwa naileta mwenyewe saa nane." Alisema kwa sauti ya juu, kama viziwi wasemavyo. "Jana niliuona uzi mwekundu, leo asubuhi nikaja kuichukua. Springi ya sauti ya chini imekatika. Uzee tu, siyo kosa la mpigaji. Nimekata nyingine kwenye waya wa saa. Aliyefunga ule uzi ana masikio mazuri sana!"

Mama Mbona aliwaza mafundo mawili na msichana wa futi, akaamua jambo hilo libaki kama lilivyo.

Alikaribia sikio la mzee. "Babu! Mbona hukumwambia mtu?"

Babu Spana alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Niliacha kibati."

"Tulidhani ni cha maonyesho!"

"Sasa mwizi gani anaacha namba yake?" Akatazama sura zao moja moja, na furaha ikaanza kumtoka usoni. "Kuna mtu amesingiziwa?"

Mzee Funguo aliangalia paa.

Babu Spana alivua miwani ya juu. Aliokota kifuniko kikubwa kuliko vyote, akakigeuza, akampa Mama Bendi. Upande wa ndani, pasipoonekana na mtu, kulikuwa na mikwaruzo midogo, mistari iliyopangwa kwa tano tano. Mama Mbona alichungulia juu ya bega la mjane akaihesabu: thelathini na moja.

"Kila nilipoifungua, mstari mmoja," mzee alisema. "Marehemu alikuwa anaileta mwenyewe, Jumapili."

"Marehemu aliniambia haijawahi kuumwa hata siku moja!" Mama Bendi alisema. "Alilala nayo upande wa ukutani, mimi akaniweka upande wa mlangoni, ili mwizi aanze na mimi. Na Jumapili aliniaga anakwenda mpirani."

"Mpira gani, shemeji? Yule hakujua goli liko upande gani."

Mama Bendi alicheka. Alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea, kisha akatoa leso akajipangusa macho. Alipomaliza hakumgeukia Inspekta wala fundi. Alimgeukia Mzee Funguo.

"Nilikutaja mbele ya watu arobaini," alisema.

"Na mimi niliacha mlango, mama. Niliapa na nikaacha."

"Uliacha kwa sababu gani?"

Mzee aliona haya. Inspekta akamjibia: "Alikwenda kucheza wimbo wa king'ora."

Bibi alitikisa kichwa polepole. "Marehemu angekusamehe kabla yangu." Akamgeukia Babu Spana, akapaza sauti. "Inachukua muda gani kuifunga?"

"Saa moja na nusu. Nikiharakishwa, mbili!"

Mama Mbona alitoa simu, akampigia Mkuu wa kituo.

"Gari lisije, afande. Ndiyo, imepatikana. Mshukiwa? Mshukiwa ni springi, afande." Akasikiliza. "Hapana, siwezi kuileta kama kielelezo. Kielelezo kina kazi saa tisa."

*

Saa tisa kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Kabla ya king'ora, Mama Bendi alipanda jukwaani, jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya Mwalimu.

"Kiwandani," alisema, "kitu kikitoka kwa fundi, mtunza stoo alitaja namba kwa sauti mbele ya wote, akamrudishia mwenyewe kibati chake. Mtunza stoo alikuwa mtu anayeaminiwa kuliko meneja. Leo tunaye wetu."

Akampungia mkono Mzee Funguo.

Mzee alitoka stoo na kibati kiganjani, funguo kiunoni zikilia kwa kila hatua. Alisimama kati ya madirisha mia yaliyochorwa. Alikohoa.

"Mia mbili na kumi na nne!"

Babu Spana hakusikia. Mtu alimgusa goti.

"Nipo!" alijibu, kwa sauti iliyozoea kushindana na mashine mia tatu, na watu wa mbele wakaruka vitini. Alikuja akakipokea kibati, akakitia mfuko wa kifuani, akafunga kifungo.

King'ora kikalia. Mwanga ukawaka madirishani. Katika sehemu ya pili Nesi alisogea mbele na gauni la mkanda mpana, akashusha saksafoni mpaka kwenye ile sauti ya chini kabisa, na ikatoka nzito, nzima, ikakaa kifuani mwa kila mtu aliyekuwemo. Mama Bendi alikuwa amefumba macho.

Mama Mbona alimtafuta Mzee Funguo, akamkuta pale pale nyuma ya pazia.

"Mzee wangu, mbona umeacha stoo wazi tena?"

"Stoo haina kitu, Inspekta," alisema, na mabega yalikuwa yameshaanza kucheza. "Kila kitu kiko jukwaani."